Ampu ya tyubu iliyotumika, ya tyubu mpya au ya dijitali: tuzipange zote tatu

Unapiga gitaa mwaka wa pili au wa tatu sasa, kile kiampu cha kuanzia kimeshakuchosha, na kuna mtu kaweka tangazo anauza ampu ya tyubu (ile ya chupa za kioo zinazowaka nyuma), imetumika, bei kama nusu ya mpya, picha zinavutia, kaandika "iko fiti haina shida yoyote". Hela unayo, usingizi huna. Maana kwa hela hiyohiyo unapata ya dijitali, inayoiga ampu nyingi kwa programu, ikiwa kwenye boksi na dhamana yake, na ukijibana miezi kadhaa unaifikia ya tyubu mpya. Mi nimeshakaa na zote tatu kwa nyakati tofauti, moja niliijuta vibaya sana halafu nikaja kuipenda (nitaisimulia), kwa hiyo naandika hapa vile ningemwambia rafiki yangu kabla hajatoka na hela mfukoni.

Kwanza, tunapima nini?

Wengi wanapima kitu kimoja tu, sauti, tena sauti ya kwenye video ambayo mtu kaweka maikrofoni ya maana mbele ya spika na ampu kaifungulia mpaka majirani wanajua. We chumbani hutapiga hivyo. Kwa hiyo mi napima hivi: sauti yake kwenye voliumu utakayopigia kweli, matunzo yaani nini kinaisha na nani atakitengeneza, kuibeba, halafu ukitaka kuiuza itakuwaje. Bei sijaiweka peke yake kwa sababu kwenye ampu ya tyubu bei si ile unayomlipa muuzaji, jumlisha na ile utakayomlipa fundi siku ya kwanza.

Na tuelewane kuhusu wati kabisa, maana hapa watu wanapigwa. Wati 100 si kelele mara mbili ya wati 50, tofauti ni desibeli 3 tu, unaisikia ila ni kidogo. Ili sikio lisikie kelele imekuwa mara mbili unahitaji wati kama mara kumi. Sasa piga hesabu mwenyewe, ampu ya tyubu ya wati 5 ni karibu nusu ya kelele ya ile ya wati 50, siyo kunong'ona huko, na ya wati 15 inasimama vizuri tu na mpiga dramu ambaye si mkali. Kwa hiyo yule anayekuambia "wati 15 ni ndogo chukua 100" muulize lini mara ya mwisho aliipeleka ya 100 zaidi ya namba tatu.

Ampu ya tyubu iliyotumika

Sauti. Tyubu ni zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa nyuma ya ampu. Uzuri wake ni kwamba ukizisukuma kupita uwezo, kwa ujumla hazilikati wimbi la sauti ghafla, zinaliminya taratibu, kwa hiyo mlio unakolea badala ya kukwaruza, na ukipunguza nguvu ya kidole tu unarudi kuwa safi. Hilo la kidole ndo linalowafanya watu wawe vichaa wa hizi kitu. Ila sikiliza, sehemu kubwa ya utamu huo inatoka kwenye zile tyubu kubwa za nguvu, na hizo zinaanza kutoa jasho voliumu ikiwa juu. Ukiiweka voliumu kwenye namba moja na nusu usiku watoto wamelala, unapata utamu wa zile ndogo tu, kwa kawaida aina inayoitwa 12AX7, na wengi wakifika hapo wanashangaa mbona siyo kama kwenye video.

Aina ya tyubu za nguvu nayo inakwambia kidogo utarajie nini. EL84 ndo za ampu za Vox AC15 na AC30, mlio wa kung'ara juu. EL34 utazikuta kwenye Marshall nyingi, sauti za kati zinaunguruma. 6L6 na mdogo wake 6V6 ni za Fender nyingi, safi na besi imetulia. Siyo sheria, sakiti na spika vina sauti yao humo humo, ila ni pa kuanzia.

Matunzo. Hapa ndo penyewe, kaa vizuri. Ndani ya ampu ya tyubu kuna vitu vinavyoisha hata kama mwenyewe alikuwa mtunzaji kuliko wewe. Tyubu za nguvu ni kama tairi, mtu anayepiga kila wiki anaweza kuzimaliza ndani ya miaka miwili mitatu, zile ndogo zinadumu zaidi. Kubadilisha za nguvu mara nyingi unahitaji jozi zilizopimwa pamoja na fundi wa kurekebisha biasi (ile volti inayoizuia tyubu isijichome), ingawa kuna ampu ambazo zinajipanga zenyewe unachomeka tu. Halafu kuna kapasita kubwa za kuchuja umeme, hizo zikifika miaka 15 au 20 zinaanza kuchoka na ampu inaunguruma hata hujachomeka gitaa. Kwa hiyo ampu ya miaka ya 90 ambayo haijawahi kuguswa si sifa, ingawa wauzaji wanaisema kama sifa, "haijawahi kufunguliwa hii". Mi nikisikia hivyo naanza kushusha bei.

Na vipuri usichukulie poa. Viwanda vya tyubu vilivyobaki duniani ni vya kuhesabu kwa vidole, JJ kule Slovakia, kingine Urusi, na China. Mwaka 2022 Urusi iliposimamisha kupeleka nje kwa muda, bei za tyubu zilipaa na watu wakaanza kununua za akiba kama wanajiandaa na njaa.

Sasa stori yangu. Nilienda kuiona ampu ya mtu, nafika nakuta ameshaiwasha, "nimekuwashia mapema ipate moto". Nikaona mtu mstaarabu huyu. Nikapiga dakika tano, tamu balaa, nikalipa. Nyumbani siku hiyohiyo, kama nusu saa hivi ndani ya mazoezi, sauti ikaanza kulegea, nikainama kuchungulia nyuma, tyubu moja ya nguvu bamba lake la ndani limekuwa jekundu kama mkaa. Siyo ule mwanga wa chungwa wa kawaida, nyekundu ya bati lenyewe. Nikachomoa haraka. Fundi alikuja kugundua risasi ya kulehemu kwenye pini ya soketi imepasuka, ufa huwezi kuuona mpaka uweke lenzi, ikipata joto inaachia, tyubu inakosa ile volti ya kuizuia na inajichoma yenyewe. Kulehemu ilikuwa kazi ya dakika kumi, ila jozi mpya ya tyubu nililipa mimi, na kumpata fundi anayejua ndo ilichukua wiki sita. Siwezi kuapa kwamba jamaa alijua. Ila dakika tano hazikutosha, hilo naapa.

Kwa hiyo ukienda kukagua, nenda na gitaa lako na waya wako, na umwambie kabla kwamba asiiwashe. Unataka kuisikia ikiwa baridi na kuisikia tena baada ya dakika arobaini, kuna magonjwa ya asubuhi na magonjwa ya jioni. Kabla hujawasha soma kibandiko cha nyuma, volti ngapi? Iliyotengenezwa kwa volti 120 ukiichomeka kwenye 230 unaweza kuiua hapohapo, na zinazotoka Marekani zimejaa sokoni. Unaweza kutumia transfoma ya kushusha, ila iwe kubwa ya kutosha, maana ampu ya wati 40 inaweza kula wati 150 au zaidi kutoka ukutani, na hiyo transfoma ni mzigo mwingine wa kubeba. Angalia pia kama waya wa umeme una pini ya ethi, za zamani sana zilikuja na pini mbili, hiyo ni kazi ya fundi kabla hujaigusa na nyuzi za chuma mkononi.

Tazama tyubu zenyewe. Kwenye kioo kuna doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia, likiwa limegeuka jeupe kama maziwa basi hewa imeingia, hiyo imekufa. Mwanga wa bluu kidogo ndani ya tyubu ya nguvu usikutishe, mara nyingi ni kawaida. Ikishawaka, pandisha voliumu bila gitaa usikilize, mvumo mdogo sawa, mvumo unaotikisa meza hapana. Zungusha kila nobu, ikikwaruza kidogo ni vumbi, dawa ya kusafishia inamaliza. Gonga zile tyubu ndogo taratibu kwa penseli, moja ikipiga kengele kwenye spika unajua ni ya kubadilisha, hiyo si shida kubwa ila ni ya kujadili bei. Shida kubwa ni transfoma, harufu ya kuungua au lami iliyochuruzika, hapo shukuru uondoke.

Mambo mawili ya usalama nayasema kwa ukali. Usiiwashe ampu ya tyubu bila spika kuchomekwa, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na usiifungue uweke vidole, ndani kuna volti 300 mpaka 500, na kapasita zinaweza kubaki na umeme hata ukishachomoa ukutani. Mi si fundi na sijaribu kuwa.

Kuibeba. Inategemea, ila jiandae. Fender '65 Deluxe Reverb ya wati 22 ni kama kilo 19, Twin Reverb inakaribia 29. Ngazi za ghorofa ya tatu zitakuuliza maswali. Na tyubu hazipendi kurushwarushwa, zikitoka moto ziache zipoe kwanza.

Kuiuza. Hapa inashinda kirahisi. Yule wa kwanza ndo alimeza hasara ya upya, we ukinunua kwa bei ya haki na kuitunza, baada ya miaka mitatu unaweza kuiuza karibu na ulichotoa. Risiti za fundi ziweke, zinauza.

Inamfaa mtu mwenye fundi (siyo "kuna jamaa anatengeneza redio", fundi ambaye ameshafanya za tyubu), ana pa kupiga kwa sauti, na ana akiba kidogo pembeni kwa matengenezo ya kwanza.

Ampu ya tyubu mpya

Sauti. Ileile familia, na tatizo lilelile la voliumu, ila nyingi za sasa zimejaribu kulitibu. Marshall DSL40CR kwa mfano ina swichi ya kuishusha kutoka wati 40 mpaka 20, inasaidia ingawa ukikumbuka ile hesabu ya desibeli hapo juu unaona hiyo bado si ya kulalia watoto. Ukitaka ya nyumbani kweli tafuta ya wati 1 au 5, au yenye sehemu ya kuchomeka hedifoni na mzigo wa ndani unaochukua nafasi ya spika.

Matunzo. Tyubu zinaisha vilevile, hilo halina mpya. Unachonunua ni miaka ya mwanzo bila kuwaza kapasita wala historia ya mtu, na dhamana. Soma hiyo dhamana lakini, mara nyingi tyubu zenyewe zina muda mfupi kuliko ampu. Kitu kimoja ambacho hakisemwi sana, mpya nyingi za bei ya kati soketi za tyubu zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi ya sakiti, kwa hiyo joto na kuchomeka kuchomoa vinaitesa bodi. Za zamani nyingi zilifungwa soketi kwenye bati na waya kwa mkono, fundi anazipenda kwa sababu anaona kila kitu. Sisemi mpya ni mbovu, nasema tu kwamba mpya haimaanishi itatengenezeka kirahisi miaka kumi mbele.

Kuibeba. Sawa na ya juu.

Kuiuza. Siku unayoitoa dukani imeshashuka. Ukibadilisha mawazo baada ya miezi mitatu itakuuma, na kwa wapiga gitaa kubadilisha mawazo ndo kawaida yetu.

Inamfaa anayetaka tyubu ila hana muda wa kukagua wala fundi wa karibu, na anayejua anataka mlio gani tayari. Huyo wa mwisho namsisitiza, kununua mpya ili "nijaribu tyubu nione" ndo njia ghali kuliko zote ya kujaribu.

Ampu ya dijitali

Humu naweka zile zinazoiga ampu nyingi kwa programu. Za tranzista za kawaida ni ukoo mwingine, nazo zisidharauliwe, Roland JC-120 iko tangu 1975 na kwa mlio safi watu wenye tyubu zao wanaiazima. Ila hiyo nayo ni kilo 28, usidhani tranzista maana yake nyepesi.

Sauti. Miaka ya nyuma nilikuwa nacheka hizi. Sasa hivi sicheki. Boss Katana ilipotoka 2016 ilikuja na swichi ya nguvu, ile ya wati 50 unaishusha mpaka nusu wati, na mlio mzito unabaki mzito kwenye sauti ya kuongea. Kwa mtu wa chumbani hilo peke yake linatosha kumaliza mjadala. Ukipiga kwa sauti kubwa na bendi ndo tofauti inaanza kuonekana kwenye kidole, na hata hapo wasikilizaji hawajui, unajua wewe tu. Lakini we ndo unayepiga, kwa hiyo usikubali mtu akwambie hisia zako hazina maana. Kero yangu kubwa ni uchaguzi, ampu kumi na athari sitini (mwangwi na kadhalika), unakaa kuzungusha menyu saa nzima gitaa liko mapajani hujapiga wimbo.

Matunzo. Karibu hakuna kinachoisha. Hakuna biasi wala tyubu, unawasha unapiga. Ila ikifa bodi mara nyingi hakuna cha kutengeneza, inabadilishwa bodi nzima kama ipo, na programu ya kuipanga inategemea kampuni iendelee kuishughulikia. Ampu ya tyubu ya 1970 fundi anaweza kuifufua leo. Ya dijitali ya leo ikifika umri huo sijui nani atakuwa na bodi yake.

Kuibeba. Tone Master Deluxe Reverb ya Fender, ya 2019, ni Deluxe Reverb ileile kwa sura lakini dijitali, kama kilo kumi na nusu. Karibu nusu ya mwenzake. Mgongo wangu hauna itikadi kwenye hili.

Kuiuza. Toleo jipya likitoka la kwako linaporomoka, kama simu. Upande wa pili wa hilo ni kwamba dijitali iliyotumika ni bei poa na hatari ya kukagua ni ndogo, jaribu kila nobu, kila jeki, hedifoni, na uhakikishe inaongea na kompyuta.

Inamfaa anayepiga usiku, anayerekodi kwa waya moja kwa moja, anayepiga nyimbo za kila aina, na anayejifunza ambaye bado hajui sikio lake linapenda nini.

Sasa we uko wapi?

Unaishi ukuta kwa ukuta na watu na bendi huna: dijitali, na usione aibu. Ukitaka tyubu hapohapo basi ya wati 1 au 5, ila jua hata hiyo ikifunguliwa inasikika kwa jirani.

Una bendi, mnafanya mazoezi kila wiki, na fundi yupo: iliyotumika ya wati 15 mpaka 40 ndo inakurudishia zaidi kwa kila senti, sharti uikague kama nilivyosema na ubakize akiba. Peavey Classic 30, Fender Blues Junior, hizo zimezagaa na mafundi wamezizoea, ukianza na zilizozagaa hutakwama kwenye vipuri.

Una bendi ila fundi hakuna karibu: hapa ni tyubu mpya yenye dhamana inayoeleweka, au dijitali yenye nguvu ya kutosha. Mi ningeuliza kwanza dhamana inahudumiwa wapi, kama jibu ni "unaituma kwa posta" kifaa cha kilo 20, nenda dijitali.

Unapanda jukwaani ambako wana spika zao kubwa na wanakuwekea maikrofoni: wati hazina kazi hapo, uzito ndo una kazi. Ndogo yoyote inayokupendeza, ya tyubu au dijitali.

Na kama uko na ile hamu tu ambayo haina sababu, umeona ule mwanga wa chungwa kwenye picha na umeshaipenda, sawa, hiyo nayo ni sababu, mi mwenyewe ile ya mkaa mwekundu bado ninayo. Basi leo usiku mtumie meseji muuzaji, muulize volti, muulize mara ya mwisho tyubu na kapasita zilibadilishwa lini, na umwambie asiiwashe mpaka ufike.